Istilahi za Msingi za Uchambuzi wa Riwaya: "Maudhui" na "Dhamira" Nchini Tanzania na Kenya, na Athari Zake kwa Nchi Jirani

Ikisiri

Makala hii inafafanua istilahi za msingi ambazo mwanafunzi wa sekondari huzihitaji ili achambue riwaya ya Kiswahili. Mkazo umewekwa juu ya istilahi mbili ambazo matumizi yake hutofautiana baina ya Tanzania na Kenya, yaani maudhui na dhamira. Kwa kutumia riwaya ya Rosa Mistika, makala inaonyesha kwamba jibu lililo sahihi upande mmoja wa mpaka laweza kuhesabiwa kosa upande wa pili. Mwishoni yanatolewa mapendekezo matatu kwa watunga mitaala na wasanifu wa istilahi.

1.0 Utangulizi

Kila taaluma husimama juu ya istilahi zake. Fundi asiyetofautisha randa na tezo hawezi kumwelekeza mwanagenzi, hata akiwa na mkono mwepesi kiasi gani. Vivyo hivyo, mwalimu wa fasihi humkabidhi mwanafunzi zana za kuisomea kazi ya sanaa, na zana hizo zina majina. Tatizo hutokea jina moja linapotumiwa kwa zana mbili tofauti.

2.0 Istilahi zenye mwafaka

Sehemu kubwa ya istilahi za msingi haina mgogoro wa maana. Mhusika ni kiumbe anayetenda au kutendwa katika hadithi. Sifa zake hubainika kwa matendo yake, kwa kauli zake, na kwa yale ambayo wengine husema juu yake. Mandhari ni mahali, wakati na hali ya kijamii ambamo matukio hutokea. Msimulizi ni sauti inayotupa hadithi, nayo isichanganywe na mwandishi, kwani mwandishi huiunda sauti hiyo kama anavyowaunda wahusika.

Dhana ya msuko, ambayo pia huitwa ploti, inahitaji uangalifu zaidi. Hadithi ni matukio yakifuatana kwa wakati. Msuko ni matukio hayo yakiwa yamepangwa na kufungamanishwa kwa sababu na matokeo. Katika shule za Tanzania jambo hili hujadiliwa kwa kawaida chini ya kichwa cha muundo, ilhali Kenya huliita msuko au ploti. Hapa majina yanatofautiana lakini dhana ni ileile, na mwanafunzi akielezwa mara moja haoni taabu kuvuka kutoka jina moja hadi jingine.

3.0 Maudhui na dhamira

Hali hubadilika tufikapo kwenye maudhui na dhamira. Mapokeo ya uhakiki yaliyozoeleka Tanzania huigawa kazi ya fasihi katika pande mbili: fani na maudhui. Maudhui ni jumla ya yale yasemwayo na kazi hiyo, na ndani yake mna dhamira, migogoro, ujumbe, mtazamo, msimamo na falsafa. Dhamira hapa ni suala linalojadiliwa. Ndiyo maana husemwa dhamira kuu na dhamira ndogondogo.

Katika mapokeo ya shule za Kenya, suala linalojadiliwa ndilo huitwa maudhui. Mwanafunzi huandika juu ya maudhui ya elimu, ya ufisadi, au ya nafasi ya mwanamke. Dhamira nayo ni lengo au kusudio la mwandishi: lile alilotaka msomaji aondoke nalo baada ya kuyasoma masuala hayo yote.

Kila mapokeo yana hoja yake. Matumizi ya Kenya yako karibu na lugha ya kila siku, ambamo dhamira ni nia iliyo moyoni. Matumizi ya Tanzania yana faida ya kuipa fani mwenzi wa kulingana naye, hivyo mwanafunzi hukumbushwa kwamba lisemwalo halitengani na namna lisemwavyo. Haifai, basi, kuuona upande mmoja kuwa umepotoka.

4.0 Mfano: Rosa Mistika

Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilichapishwa mwaka 1971. Rosa anakulia Namagondo, kisiwani Ukerewe, chini ya baba mlevi, Zakaria, anayemlinda dhidi ya wavulana kwa vitisho na kipigo. Anapokwenda shule ya bweni anaupata uhuru ambao hakuandaliwa kuutumia. Maisha yake yanaharibika hatua kwa hatua, na mwishowe anajiua.

Tuchukue swali hili: "Jadili dhamira ya riwaya hii." Mwanafunzi aliyefunzwa Tanzania atataja malezi, ulevi, mapenzi, elimu na nafasi ya mwanamke, na kila moja ataitolea ushahidi. Mwanafunzi aliyefunzwa Kenya atajenga hoja moja: kwamba mwandishi analenga kuonyesha kuwa ukali usioambatana na mwongozo humwangamiza mtoto uliokusudiwa kumlinda. Wote wawili wameisoma riwaya na kuielewa. Hata hivyo, wakibadilishana wasahihishaji, wa kwanza ataambiwa ameorodhesha tu bila kufikia lengo la mwandishi, na wa pili ataambiwa ametaja dhamira moja na kuziacha nyingine.

5.0 Athari kwa nchi jirani

Ndani ya Tanzania au Kenya tofauti hii haileti madhara makubwa, kwa kuwa mwalimu, kitabu na mtahini huzungumza kwa mapokeo mamoja. Mzigo huwaangukia majirani. Uganda ilikipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na Rwanda ikakifanya lugha rasmi mwaka 2017. Mwalimu wa Kampala au Kigali anaweza kuwa na kitabu cha Dar es Salaam mkono mmoja na cha Nairobi mkono wa pili. Asipojua kwamba vinatofautiana, atafundisha fasili zinazogongana, na mwanafunzi atakariri zote mbili bila kuelewa hata moja.

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Kuamuru istilahi moja na kuifuta nyingine kungegharimu vitabu, walimu na mazoea ya miongo mingi. Makala hii inapendekeza njia nyepesi zaidi. Kwanza, vitabu vya kiada vinavyokusudiwa kuvuka mipaka vitaje matumizi yote mawili pale istilahi inapofasiliwa kwa mara ya kwanza. Pili, mabaraza ya mitihani yatunge maswali yanayoitaja dhana yenyewe, kwa mfano, "Masuala gani yanajadiliwa?" na "Mwandishi analenga nini?" Maswali hayo hayategemei mapokeo ya upande wowote. Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, iratibu orodha fupi ya istilahi za fasihi za shule, ikibainisha zipi zina mwafaka na zipi hazina.

Orodha hiyo haitakuwa ndefu, kwa kuwa istilahi nyingi za msingi tayari zina mwafaka. Zile chache zisizo na mwafaka ndizo zinazoamua alama za mwanafunzi, na ndizo zinazostahili kushughulikiwa kwanza.