Muziki wa Chuma na Jicho la Askari

Wahenga walituachia msemo kwamba ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Msemo huo ni onyo kwa wenye majivuno, lakini wapo watu walioufanya kuwa hukumu juu ya kila ngoma ambayo mvumo wake hawaupendi. Katika makala haya twapenda kuzungumza na ndugu zetu wa jeshi na wa polisi juu ya mvumo mmoja wa namna hiyo, yaani muziki wa metali, ambao kwa lugha yetu twaweza kuuita muziki wa chuma. Tutautazama kwa jicho la kazi. Kuusifu au kuulaani twawaachia wengine.

CHIMBUKO LAKE

Muziki huu ulizaliwa katika mji wa viwanda wa Birmingham, nchini Uingereza. Sahani ya kwanza ya kundi la Black Sabbath ilitolewa mwezi wa Februari 1970. Mpiga gitaa wa kundi hilo, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwanda cha mabati alipokuwa kijana wa miaka 17. Alijitengenezea vifuniko vya vidole, na baadaye akazilegeza nyuzi za gitaa lake, sauti ikazidi kuwa nzito na ya chini. Yafaa ieleweke basi kwamba uzito huo, ambao wazazi wengi waliudhania kuwa mlio wa kuzimu, kwa sehemu kubwa ulitokana na ajali ya mfanyakazi. Nguo nyeusi, nywele ndefu na picha za mafuvu ni mapambo yaliyofuata baadaye.

VIJANA WA NAIROBI

Katika Afrika Mashariki muziki huu umepata wafuasi hasa Nairobi. Haukupata mapokezi mepesi. Kenya ni nchi ya makanisa mengi, na mwaka 1994 serikali yake iliunda tume rasmi ya kuchunguza ibada ya shetani, ambayo ripoti yake ilifikishwa Bungeni mwaka 1999. Katika hewa ya namna hiyo, kijana aliyevaa fulana yenye fuvu alikuwa na mengi ya kujieleza nyumbani, kanisani na barabarani.

Hata hivyo, mwaka 2020 vijana wawili wa mji huo, Martin Khanja na Sam Karugu, walitoa sahani iliyosikika hadi Ulaya na Marekani. Kundi lao waliliita Duma. Msomaji wa Kiswahili atadhani ni yule mnyama mwenye mbio, kumbe kwa Kikikuyu neno hilo maana yake ni giza. Sahani hiyo ilitolewa na wachapishaji wa Kampala, ambao ndugu zao ndio waandaaji wa tamasha la Nyege Nyege kule Jinja. Jina hilo kwa Kiswahili halitajwi mbele ya wakwe, ingawa kwa Kiganda linahusu hamu ya ghafula ya kucheza. Mwaka 2018 waziri wa maadili wa Uganda alilipiga marufuku tamasha hilo. Baada ya mazungumzo marufuku iliondolewa, nalo likafanyika kwa masharti.

Yako mengine yanayotuhusu sisi wenye kuvaa sare. Martin Khanja, ambaye kwa jina la jukwaani huitwa Lord Spikeheart, ni kitukuu cha Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyefikia cheo cha Fildi Masho katika jeshi la msituni la Mau Mau, na sahani yake ya mwaka 2024 aliitoa kwa heshima ya bibi huyo. Muthoni alizifuga nywele zake za msituni kwa miongo mingi, hata zikakatwa mwaka 2022, mwaka mmoja kabla ya kufariki kwake. Askari wa doria angeona nywele tu. Historia ya kichwa kilichozibeba asingeiona.

FUNZO LA CASABLANCA

Tuvuke sasa hadi Afrika ya Kaskazini. Mwezi wa Januari 1997 polisi wa Misri waliwakamata vijana wapatao 100 wapenzi wa muziki huu, wakituhumiwa kumwabudu shetani. Baada ya majuma machache waliachiliwa kwa kukosekana ushahidi.

Mwaka 2003 ikawa zamu ya Morocco. Vijana 14, wanamuziki na mashabiki, walifikishwa mahakamani Casablanca, na miongoni mwa vielelezo vilivyoonyeshwa palikuwa na fulana nyeusi na fuvu la plasta. Mwezi wa Machi walihukumiwa vifungo vya kati ya mwezi mmoja na mwaka mmoja. Wananchi walipiga kelele, rufani ikasikilizwa, na wengi wao wakaonekana hawana hatia.

Haukupita muda. Usiku wa tarehe 16 Mei 2003, katika mji huo huo, washambuliaji wa kujitoa mhanga walilipua mabomu na kuwaua watu 33. Hatusemi kwamba kesi ile ndiyo iliyoyaleta mabomu. Lakini kila afisa anajua kwamba saa ya upelelezi ikishatumika hairudi, na kwamba muuaji hana haja ya kuvaa fuvu kifuani.

BABU ZETU NAO WALISHUKIWA

Asiwepo askari atakayedhani kwamba mambo haya ni ya wageni. Tangu mwisho wa karne ya 19, vijana wa Lamu na Mombasa walianzisha ngoma ya beni kwa kuiga bendi za kijeshi: tarumbeta, magwaride, sare, na vyeo vya majenerali na makanali. Vyama vya Marini na Arinoti vilishindana kwa kelele na fahari. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, askari na wapagazi waliibeba ngoma hiyo hadi bara. Wakoloni waliingiwa na hofu, wakaichunguza wakidhani ni njama ya uasi. Walichokikuta mara nyingi ni vyama vya kusaidiana, vilivyouguza wagonjwa na kuzika wafu.

TURUDI MUTANGA SUD

Tuchukue mfano wa mtaa wa Mutanga Sud hapa Bujumbura, mtaa wa nyumba zenye kuta ndefu na wanafunzi wengi. Saa nne za usiku simu inalia kituoni: nyuma ya ukuta fulani vijana wanapiga makelele ya kishetani. Askari afanye nini?

Kwanza, aende; jirani aliyenyimwa usingizi ana haki yake. Pili, aulize yanayoulizika: saa, kibali, usalama wa watu waliomo, silaha, dawa za kulevya. Nchi yetu ina desturi ya kuuweka utamaduni chini ya sheria: ngoma zetu, zilizotambuliwa na UNESCO mwaka 2014, ziliwekewa amri ya serikali mwaka 2017 kuhusu usajili na vibali. Palipo na kosa lililoandikwa, litajwe kwa jina lake na hatua ichukuliwe. Pasipo na kosa, vijana waambiwe wapunguze sauti, na askari aage kwa heshima. Rangi ya fulana haimo katika orodha hiyo.

Mji wetu umepita katika nyakati ngumu. Mwaka 2015, katika mitaa mingi, vijana na walinda usalama walitazamana kwa hofu, na hofu hiyo haikujengwa wala haitabomolewa kwa siku moja. Kijana aliyekamatwa bure hurudi mtaani na kisa, na kisa hicho hufika kwa wenzake kabla ya doria ya kesho. Yule aliyetendewa kwa haki naye hurudi na kisa chake. Na siku atakapoona mzigo wa hatari ukifichwa nyuma ya ukuta mwingine, huenda akawa yeye atakayepiga simu.

Ndugu askari, sikio likishtuka, jicho lisikimbilie kuhukumu. Tulinde usingizi wa raia, na tulinde pia haki ya mwenye gitaa.