Ugumu wa Damu na Ugumu wa Sentensi

Mzazi mmoja wa Kawangware, Nairobi, ambaye binti yake yuko kidato cha nne na ameapa kuwa daktari, ameniuliza swali zuri. Amesikia walimu wakidai kwamba maswali ya baiolojia yaandikwe kwa lugha nyepesi, naye ana hofu. Mtihani ukilegezwa, si tutakuja kutibiwa na watu waliopita kwa huruma?

Nitamjibu, lakini kwanza tuelewane kuhusu mtihani wenyewe. Ziko nchi zenye mtihani wa peke yake wa kuingia shule ya udaktari. India wana NEET, wenye maswali 180, na mtahiniwa huchagua kuufanya katika lugha moja kati ya 13. Hapa kwetu Kenya mlango ni KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya upili. Baiolojia, kemia, na hisabati au fizikia ndizo zinazoamua kwa sehemu kubwa nani ataitwa daktari, na ushindani si wa kawaida: mwaka 2024 ni watahiniwa 1,693 tu, nchi nzima, waliopata gredi ya A. Ninachotaka kukitazama ni ule muda ambao macho ya mtahiniwa yako juu ya swali na kalamu bado haijagusa karatasi. Karatasi ya pili ya baiolojia ina alama 80 kwa saa 2. Hiyo ni dakika moja na nusu kwa kila alama, kusoma kukiwemo.

Soma swali hili. Nimelitunga mwenyewe, tena kwa Kiswahili, ili wewe unayekimudu uonje uzito wake:

"Ni kipi kati ya vimiminiko vifuatavyo ambacho, endapo seli nyekundu za damu zilizotolewa kwa mtu mwenye afya zitatumbukizwa ndani yake, hakitarajiwi kutosababisha kupasuka kwa seli hizo?"

Kisha soma hili:

"Seli nyekundu za damu zimetiwa katika maji yasiyo na chumvi. Zinapasuka. Eleza kwa nini."

Maswali yote mawili yanahusu jambo lilelile, osmosisi. Lipi ni gumu? Wengi watanyoosha kidole kwenye la kwanza. Mimi nasema ni la pili. La kwanza, ukishalifumbua, linataka uchague herufi tu, na hata asiyejua kitu anaweza kuotea akapata. La pili halina pa kujificha. Lazima useme kwamba ndani ya seli mna chumvi na protini zilizoyeyuka, kwamba utando wa seli unapitisha maji kwa urahisi huku ukizuia vingi kati ya hivyo vilivyoyeyuka, kwamba maji yanaingia kutoka kule yaliko mengi, seli inavimba, na kwa kuwa seli ya mnyama haina ukuta mgumu kama ule wa seli ya sukuma wiki, utando unafika mwisho wake na kuchanika. Mwanafunzi anayeweza kueleza hayo ameelewa kwa nini dripu ya hospitali huwa na chumvi ya asilimia 0.9, na kwa nini muuguzi hawezi hata siku moja kumtundikia mgonjwa maji matupu. Hiyo ni elimu ya kuokoa maisha, na imeulizwa kwa sentensi tatu fupi.

Kwa hiyo kuna ugumu wa aina mbili, wa damu na wa sentensi. Ule wa damu uachwe kama ulivyo, ikiwezekana uongezwe. Ule wa sentensi ndio nataka tuuchunguze, kwa sababu namna unavyomwangusha mtoto ni moja ya mambo ya kupendeza kabisa ambayo saikolojia imeyagundua.

Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, aliandika kwamba akili ya binadamu hushika kwa mara moja vitu kama saba hivi, ukizidisha au ukipunguza viwili. Mwaka 1974 Alan Baddeley na Graham Hitch wa Uingereza wakaonyesha kwamba mahali hapo pa kushikia vitu si ghala la kuhifadhia tu, bali ndipo kazi ya kufikiri inapofanyikia. Na mwaka 2001 Nelson Cowan akapitia ushahidi uliokuwa umerundikana na kusema saba ni nyingi mno. Karibu na ukweli ni vinne. Vinne tu! Akili iliyojenga daraja la Likoni la waenda kwa miguu na kupandikiza figo hushika vitu vinne kwa wakati mmoja.

Mahali hapo tupaite nini? Wengine husema kumbukumbu ya kazi, jina linalonipeleka kwenye faili za ofisini na kumbukumbu za mkutano. Wengine husema kumbukumbu ya muda mfupi, lakini hiyo wataalamu wanaitenga na hii. Mimi nitasema kumbukumbu ya papo, kwa sababu inashika kilichopo papo hapo na kukifanyia kazi papo hapo. Mwenye jina bora aniletee.

Nenda soko la Kawangware jioni, watu wanaporudi kutoka kazini, umtazame mama mboga kwenye meza yake. Meza ni ndogo, mbao tatu juu ya kreti. Magunia yako chini na nyuma yake, na humo mna mali nyingi sana. Lakini kukata anakatia juu ya meza tu. Kumbukumbu ya papo ni hiyo meza. Magunia ni yote uliyosoma tangu darasa la kwanza. Sasa mletee majani ya sukuma wiki moja moja, yamelegea, kila jani limelala kivyake. Majani manne au matano na meza imejaa, ubao wa kukatia hauonekani, kisu hakina pa kushukia. Mletee majani yaleyale yakiwa yamefungwa mafungu, na meza hiyohiyo inabeba majani sitini na nafasi ya kisu inabaki. Meza haikupanuka. Kilichobadilika ni kufungwa. Na fungu ndilo hasa neno la wanasaikolojia: vitu vinne vya Cowan ni mafungu manne, na fungu laweza kuwa kubwa kadiri ya ujuzi wa aliyelifunga. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon waliwaonyesha wachezaji sataranji ubao wa mchezo kwa sekunde chache, wakautoa machoni pao, wakawaambia waupange upya. Bingwa aliurudisha kwa sehemu kubwa; mwanagenzi aliweka kete chache tu. Ila kete zilipotawanywa ovyo, bila mpangilio wa mchezo halisi, ubingwa karibu wote uliyeyuka. Bingwa hakuwa na meza kubwa. Alikuwa na mafungu, nazo kete za ovyo hazifungiki.

Rudi kwenye swali letu la kwanza, ambalo katika mtihani lingekuja kwa Kiingereza. Kwa mtoto aliyelelewa ndani ya Kiingereza, maneno sita ya utangulizi wa swali ni fungu moja. Ameyasikia mara elfu na yanatua mezani kama kitu kimoja. Mtoto wa Kibera anaongea Sheng na wenzake, Kiswahili dukani, Kidholuo au Kiluhya au Kinubi na bibi yake, na Kiingereza hukutana nacho zaidi daftarini. Kwake maneno yaleyale sita ni majani sita. Kishazi cha "endapo" kinaingia katikati ya sentensi, kwa hiyo lazima mtendaji abaki mezani akingoja kitenzi ambacho bado hakijafika. Halafu linakuja kanusho. Peter Wason huko London tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na baadaye Herbert Clark na William Chase mwaka 1972, walipima muda ambao watu wazima, kwa lugha yao wenyewe, huchukua kuhakiki sentensi fupi kabisa. Sentensi yenye kukanusha kwa kawaida ilichukua muda zaidi, kana kwamba akili hulijenga kwanza jambo lenyewe kisha ikaligeuza. Makanusho mawili katika sentensi moja ni kugeuza na kugeuza tena, na kila mgeuzo unataka nafasi mezani. Mpaka mtoto afike kwenye kiulizo, osmosisi anayoijua barabara bado iko ndani ya gunia, na hakuna pa kuiweka.

Nimewahi kuona jambo hili likitokea, katika chumba cha mabati huko Gatwekera, Kibera, ambako wanafunzi hukusanyika jioni kufanya marudio kwa karatasi za mitihani iliyopita. Nakala zenyewe ni nakala za nakala, herufi zimefifia pembeni. Msichana mmoja alikuwa anafuata mstari kwa ncha ya kalamu. Ncha ilifika kwenye koma ya pili, ikasimama, ikarudi mwanzo. Ikaenda tena, ikavuka koma, ikarudi. Akaruka swali. Mwenzake alipomuuliza kwa Sheng nini hufanyika damu ikitiwa maji tu, alijibu hapo hapo, kwa mikono yake miwili akionyesha seli inavyovimba mpaka inafunguka, na akaongeza mwenyewe kwamba seli ya mmea isingepasuka. Alikuwa na alama zote. Karatasi haikuzipata.

Utafiti unasema hayo hayo. Jamal Abedi na Carol Lord, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2001, waliwapa wanafunzi zaidi ya 1,000 wa darasa la nane huko Los Angeles maswali ya hisabati ya mtihani wa kitaifa wa Marekani, baadhi yakiwa kama yalivyo na baadhi yakiwa yamepunguziwa vishazi, kauli za kutendwa na maneno adimu, hesabu ikibaki ileile. Waliofaidika zaidi ni wale ambao Kiingereza bado walikuwa wanajifunza na wale waliokuwa katika madarasa ya chini ya hisabati. Karibu na nyumbani, mwishoni mwa miaka ya 2000, Pauline Rea-Dickins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bristol walifanya kazi Zanzibar na maswali ya mtihani wa kidato cha pili, wakiyabadilisha lugha na kuyaandika pia kwa Kiswahili, na wakaona jinsi namna ya kuuliza inavyoamua kama mtoto ataonyesha anachokijua au ataacha pengo. Nyongeza ya alama katika tafiti za aina hii mara nyingi huwa ndogo. Lakini kwenye mlango wa udaktari, pointi ndogo ndiyo inayomtenga aliyeitwa na aliyeachwa.

Sasa nimrudie mzazi wa Kawangware na hofu yake. Atasema, na ni haki yake, kwamba daktari atasoma vitabu vinene vya Kiingereza, basi na apimwe Kiingereza. Anapimwa tayari. Kiingereza ni somo la lazima katika KCSE, lina karatasi zake tatu na gredi yake. Kukipima tena kwa siri ndani ya baiolojia ni kumtoza mtoto mmoja kodi mara mbili, tena bila risiti, kwa sababu gredi ikitoka itaandikwa kwamba hajui baiolojia. Isitoshe, kazi ya daktari ni ya sentensi fupi. Mgonjwa atakayeingia kliniki ya Kibera atasema tumbo linamkata tangu juzi na anahisi baridi usiku, na daktari atapaswa kumwambia anywe dawa gani, lini, na arudi akiona nini. Miongozo ya kutunga maswali inayotumiwa na bodi ya mitihani ya madaktari ya Marekani, NBME, inawaonya watunzi waachane na maswali ya "yote isipokuwa" na sentensi za kutega. Mtihani wa hao ni wa watu ambao tayari wako shule ya udaktari. Sijasikia yeyote akisema kwamba umewafanya madaktari wao kuwa hafifu.

Kurahisisha nako kuna mipaka. Osmosisi ibaki osmosisi, utando wa seli ubaki na jina lake, na mwanafunzi asikingwe na grafu ngumu wala jedwali refu, kwa kuwa kuzisoma ni sehemu ya sayansi. Kinachoondolewa ni kile ambacho mwalimu wa baiolojia hakukifundisha na wala hakukusudia kukipima. Swali la kumuuliza mtunzi ni moja: ukikiondoa kishazi hiki, je, unapoteza chochote cha baiolojia? Kama hupotezi, kitoke.

Wakati wa kulisema hili ni sasa. KCSE ya mwisho itafanywa mwaka 2027. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na mtihani utakaowachuja mwishoni mwa shule ya upili utakuwa mpya. Baraza la Mitihani la Kenya lina nafasi ambayo haikuwahi kuwapo tangu KCSE ianze mwaka 1989. Naliomba lifanye jambo moja lisilo na gharama kubwa: kabla maswali ya baiolojia na kemia hayajaingia kwenye benki ya maswali, rasimu zake zijaribiwe kwa wanafunzi wa Kawangware, wa Kibera, wa Mandera na wa Kwale, na kila swali ambalo mtoto analijibu kwa mdomo lakini analiruka kwenye karatasi lirudishwe kwa mtunzi aliandike upya. Nawe mzazi, usisubiri baraza. Leo jioni mpe binti yako karatasi ya mtihani uliopita, mwambie alisome swali kisha alifunike kwa mkono na akuulize wewe swali hilohilo kwa maneno yake. Akishindwa kukuuliza, msilaumu baiolojia kwanza. Tafuteni pamoja kitenzi cha swali kiko wapi.