NGAZI YA KUFANYIA KAZI JUU: IPI ICHAGULIWE?

Wananchi wa Kilwa Kisiwani, Songo Mnara, Songo Songo na mwambao wote wa Lindi wanakumbushwa kwamba ngazi iliyo salama kwa kazi moja huweza kuua katika kazi nyingine. Kabla ya kupanda kuezeka, kupaka chokaa au kutengeneza nyaya, yazingatiwe haya yafuatayo.

Ngazi ya mbao au ya boriti hutengenezwa na mafundi wetu wenyewe. Adui zake ni mchwa, unyevu na hewa ya chumvi. Kipago huweza kuonekana kizima, kumbe msumari wake umekwisha liwa na kutu ndani. Ngazi hiyo isipakwe rangi, maana rangi huficha nyufa. Ipakwe vanishi isiyo na rangi. Aidha, mikoko haikatwi bila kibali.

Ngazi ya chuma ni imara lakini nzito, na huku pwani hushika kutu upesi, hata ndani ya mabomba ambako jicho halifiki.

Ngazi ya alumini ni nyepesi, hubebeka kwa urahisi katika mashua, na hustahimili chumvi kuliko chuma. Hata hivyo hupitisha umeme, kama ipitishavyo ya chuma. Zote mbili ni marufuku karibu na nyaya za umeme. Mbao iliyolowa nayo si ya kuaminiwa hapo.

Ngazi ya faibaglasi, ikiwa safi na kavu, haipitishi umeme. Ndiyo iwafaayo mafundi umeme. Bei yake ni kubwa, na jua la miaka mingi huichakaza. Ikianza kutoa nyuzinyuzi, iachwe.

Iwayo yote, ngazi ikaguliwe kila siku kabla ya kupandwa. Kwa kila mita 4 za kimo, mguu wake uwe mita 1 kutoka ukutani, na ncha yake ipite ukingo wa paa kwa mita 1. Penye mchanga, itandikiwe ubao mpana na ishikwe na mtu chini.

Waajiri wakumbuke kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inawawajibisha kuwapa wafanyakazi vifaa vilivyo salama.

Wahenga walinena: mpanda ngazi hushuka. Ni wajibu wetu kuhakikisha kwamba anashuka kwa miguu yake mwenyewe.