Usisubiri mume wala barua ya mtaa kuanza kliniki

Mwezi uliopita aliingia chumbani kwangu dada wa miaka 22, mimba ya miezi saba, na hakuwa na kadi ya kliniki. Asubuhi anauza maandazi, mchana anafua nguo za watu. Nilipomvuta ukope wa chini, ndani kulikuwa kweupe. Kipimo kikaonyesha wingi wa damu 6.8, wakati mjamzito anatakiwa awe na angalau 11.

Nakiri, nilitaka kumgombeza. Kisha akanieleza kwamba alishakwenda kliniki mimba ikiwa ya miezi mitatu, akaambiwa arudi na mume. Aliyempa mimba alikwishazima simu. Akaambiwa basi alete barua ya mwenyekiti wa mtaa. Akaona aibu kwenda kujieleza kwa mwenyekiti, akarudi kwenye maandazi yake. Miezi minne ikapita.

Msomaji wangu, kama upo katika hali hiyo, naomba unisikilize. Sisi wahudumu tunahimiza mwenza aje kliniki, kwa sababu mkipimwa pamoja VVU na kaswende, mnatibiwa pamoja. Lakini kuhimiza si kushurutisha. Mjamzito aliyekuja peke yake anapaswa kuhudumiwa siku hiyo hiyo. Ukirudishwa, usiondoke kimya. Muulize mganga mfawidhi wa kituo. Na wauguzi wenzangu mnaosoma hapa, barua hiyo haiongezi damu ya mtu.

Kwa nini ninang'ang'ania mapema? Mfereji unaotengeneza ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufungwa ndani ya takribani siku 28 tangu mimba kutungwa. Wakati huo wengi bado wanahesabu siku wakijiuliza kama wamechelewa tu. Ukosefu wa foliki asidi ni moja ya sababu za watoto kuzaliwa na mgongo wazi, ndiyo maana anayepanga kubeba mimba ni vizuri aanze vidonge hivyo kabla. Damu nayo haipandi kwa siku mbili. Vidonge vya kuongeza damu vinahitaji wiki na miezi, na anayeanza mwezi wa saba anaweza kufika leba akiwa bado na upungufu. Hapo kutokwa damu kidogo tu ni hatari. Dozi za SP za kukinga malaria nazo huanza mimba ikiingia mwezi wa nne, angalau mara tatu, kila moja baada ya mwezi. Aliyekuja mwezi wa saba ameshakosa za mwanzo. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mahudhurio manane, la kwanza kabla ya wiki 12.

Kuna jambo jingine ambalo wenye kipato kidogo hawaambiwi vya kutosha. Kadi ile ni zaidi ya karatasi ya vipimo. Kwa kaya zilizoingizwa katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, sehemu ya ruzuku ilifungamanishwa na mahudhurio ya kliniki ya mjamzito na ya watoto wa chini ya miaka mitano. Kaya ziliibuliwa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, majirani wakitaja majina. Kwa hiyo mkutano ukiitishwa, nenda. Aliye shambani au sokoni siku hiyo anaweza kuachwa nje.

Mtoto akizaliwa, msaada usiishie kwenye mzani na chanjo. Programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inataja pamoja na afya, lishe na ulinzi kitu kinachoitwa malezi yenye mwitikio na ujifunzaji wa awali. Maneno makubwa, lakini maana yake ni kuongea na mtoto, kumjibu anapogugumia, kucheza naye. Wapo wanaodhani haya ni ya matajiri. Huko Kingston, Jamaika, miaka ya 1980, watafiti walifuatilia watoto 129 waliodumaa, wa familia maskini. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya ya jamii saa moja kila wiki kwa miaka miwili, akimfundisha mama kucheza na mtoto kwa vitu vilivyotengenezwa kwa makopo na vitambaa. Miaka 20 baadaye, waliotembelewa walikuwa na kipato kikubwa kwa asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakutembelewa. Kwa hiyo kopo la plastiki, maadamu hakuna kipande cha kumkaba koo, linatosha. Unaweza kuongea naye huku unakanda unga.

Yule dada sasa anakuja kila wiki mbili. Damu imefika 8.9, bado tunapanda. Tumepanga pia safari ya kujifungua, kwa sababu anakaa mbali na lami. Nilimwandikia nyuma ya daftari lake la madeni namba 115, ya mfumo wa m-mama. Kupiga ni bure, na gari la wagonjwa likikosekana hutafutwa dereva wa karibu aliyesajiliwa. Nawe iandike ukutani leo, na umwonyeshe anayelala nyumba moja na wewe, kwani maumivu yakianza huenda usiweze kuishika simu mwenyewe.