Je, Wajua? Usonji Umezidi, au Daftari Ndilo Limepanuka?

Je, wajua kwamba mwaka 2000 Marekani ilikuta usonji kwa mtoto 1 kati ya kila 150 wenye umri wa miaka 8, na mwaka 2022 ikakuta 1 kati ya 31? Umezuka ubishi wa kukesha.

Je, wajua hesabu ilianzaje? Mwaka 1966 mtafiti Victor Lotter aliwapekua watoto wa Middlesex, Uingereza, akapata 4.5 katika kila 10,000. Wakati huo usonji ni ule mzito peke yake. Baadaye alizunguka nchi 6 za Afrika, Kenya ikiwemo, Burundi hakufika. Na karani yeyote wa Bandari ya Bujumbura atakwambia: gunia lisiloandikwa halijafika, hata kama limemvunja mpagazi mgongo. Tazama Denmark: walibadili vigezo vya kutambua usonji mwaka 1994, na mwaka uliofuata wakaanza kuandikisha hata wasiolazwa hospitalini. Mambo hayo mawili yalieleza asilimia 60 hivi ya ongezeko lililoonekana kwa waliozaliwa kati ya 1980 na 1991. Bishaneni juu ya salio: umri mkubwa wa wazazi na watoto njiti wanaonusurika ni miongoni mwa yanayotajwa.

Je, wajua kwamba chanjo ya mseto ya surua haimo katika salio hilo? Daktari Andrew Wakefield alizusha hofu mwaka 1998 kwa utafiti wa watoto 12 tu. Jarida la Lancet likaifuta makala yake mwaka 2010. Yokohama, Japani, iliiacha chanjo hiyo ya mseto mwaka 1993, usonji ukazidi kupanda. Lakini uvumi hauhitaji pasipoti. Uliwafikia Wasomali wa Minneapolis, wengi wakaacha kuwachanja watoto, na mwaka 2017 surua ikawapata watu 75 jimboni Minnesota, wengi wao watoto wa Kisomali.

Parasetamoli kwa wajawazito? Wasweden walichunguza watoto zaidi ya milioni 2.4. Walipolinganisha ndugu wa tumbo moja, uhusiano ukayeyuka.

Mama asiye na upendo? Upuuzi wa zamani. Utafiti wa mapacha wa mwaka 1977 ulielekeza kidole kwenye urithi, na hadi leo hakijaondoka hapo.

Je, wajua kuhusu malaria? Hili ndilo ningependa lijadiliwe Bujumbura. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliwachunguza watoto 20 nchini Tanzania. 14 walithibitika kuwa na usonji. Kati yao, 3 walikuwa wakikua vizuri hadi walipougua malaria kali, homa isiyoshuka na degedege. Walipopona, dalili za usonji zikaanza. Wengine 4 walikuwa na historia inayokaribia hiyo, ila huenda ilikuwa sadfa tu. Watoto 3 si ushahidi wa kufunga kesi. Lakini Burundi, iliyotangaza mlipuko wa malaria Machi 2017, ina sababu ya kuuliza swali hilo kabla ya kuazima ubishi wa Marekani.