Gemu ya MMA hupimwa sakafuni

Matangazo ya gemu za MMA, yaani mapigano ya mitindo mchanganyiko, hufanana. Ngumi inatua shavuni kwa mwendo wa polepole, jasho linaruka, teke linapanda hadi sikioni, mtu anaanguka chali na umati unalipuka. EA Sports walipoitambulisha gemu yao ya UFC 5 mwezi Septemba 2023, wiki chache kabla haijaingia sokoni tarehe 27 Oktoba, sifa walizozitanguliza zilikuwa za aina hiyo: uso unaovimba, ngozi inayochanika juu ya jicho, na daktari anayeitwa kuamua kama pambano liendelee. Hakukuwa na uongo ndani yake. Ila anayetaka kujua kama gemu yenyewe ni nzuri ana swali ambalo picha za namna hiyo hazilijibu: wapiganaji wawili wakishadondoka sakafuni, mchezaji anafanya nini na padi yake?

Nalitanguliza swali hilo kwa sababu MMA ya leo ilipata sura yake sakafuni. Tarehe 12 Novemba 1993, mjini Denver, Marekani, mashindano ya kwanza ya UFC yaliwakutanisha watu wa ndondi, karate, sumo, mieleka na mitindo mingine ili ijulikane nani mkali. Aliyeshinda ni Royce Gracie, Mbrazili mwembamba aliyevaa vazi jeupe la jujitsu. Pambano lake la kwanza lilikuwa dhidi ya Art Jimmerson, bondia aliyeingia ulingoni na glovu mkono mmoja tu. Gracie alimwangusha, akamkalia kifuani, na Jimmerson akagonga sakafu kusalimu amri kabla hata hajapigwa kabali. Usiku uleule Gracie aliwakaba Ken Shamrock na Gerard Gordeau. Tangu hapo hakuna bondia wala mpiga teke aliyeweza kupuuza suala la kuangushwa. Gemu inayofanya vizuri pale watu wanaposimama na kuboronga wanapolala imeigiza nusu ya mchezo.

Kuboronga huko kuna sababu zake, tena si uzembe wa watengenezaji. Watu wakiwa wima, macho yanakuambia karibu kila kitu. Unaona umbali, unaona bega linavyojikunja, unajua ngumi inakuja, unarudi nyuma au unakinga. Kitufe kimoja kinatoa ngumi moja na jibu linaonekana hapohapo. Sakafuni, yale yanayoamua pambano hayaonekani kwa urahisi: nyonga iliyoegemezwa vizuri, kiganja kilichoshika kifundo cha mkono, goti lililopenya sentimita chache kati ya miguu ya mwenzako. Kwenye skrini watu hao huonekana wametulia, kumbe mmoja anakamuliwa pumzi. Mtengenezaji wa gemu lazima aamue ni kipi kati ya hivyo atakikabidhi kwa vidole viwili vya gumba, na uamuzi huo ndio unaozitofautisha gemu hizi.

Kampuni ya Yuke's ya Japani, iliyotengeneza UFC 2009 Undisputed kwa niaba ya kampuni ya THQ, iliamua kukabidhi mzunguko. Ukitaka kubadili mkao unazungusha analogi ya kulia. Ukitaka kumkaba mtu au kumkunja kiungo, unazungusha au kubonyeza harakaharaka kuliko yeye. Ilisisimua, lakini mwisho wake mshindi alikuwa mwenye kidole chepesi, hata kama hajui lolote kuhusu kukaba. Mwaka uliofuata EA walileta gemu yao, EA Sports MMA, ikiwa na wapiganaji wa Strikeforce, shirika jingine la MMA, kama Fedor Emelianenko. Wakati huo Dana White, rais wa UFC, alikuwa ametangaza hadharani kwamba mpiganaji atakayeingia kwenye gemu ya EA asitarajie kupigana kwake. Gemu hiyo haikuuza sana. Hata hivyo ilikuwa na wazo moja ambalo mpaka leo naliona bora kuliko mengi yaliyoifuata: ukimpiga mtu kabali, ulitafuta kwa analogi mahali panapobana, na padi ikakutetemekea mkononi unapopakaribia. Macho hayakuwa na kazi kubwa hapo. Kabali halisi nayo hutafutwa hivyo, kwa kuhisi, mkono ukisogea kidogo chini ya kidevu hadi upate njia.

Februari 2012 ikaja UFC Undisputed 3, ambayo wengi wetu tunaopenda gemu hizi bado tunaitaja kwa heshima, pamoja na sehemu yake ya PRIDE, mashindano ya zamani ya Japani, iliyorudisha sheria zilizoruhusu kumpiga teke la kichwa mtu aliye chini. Miezi michache baadaye, Juni 2012, EA wakatangaza kwamba leseni ya UFC imehamia kwao kutoka THQ, na THQ yenyewe ikafilisika kabla mwaka haujaisha. Mashindano ya gemu mbili kubwa yakafa hapo. Tangu toleo la kwanza la EA mwaka 2014, kisha 2016, 2018, 2020 na 2023, anayetaka gemu rasmi ya UFC ana duka moja tu. Naamini hali hiyo imeilemaza sehemu ya sakafuni kuliko nyingine yoyote, kwa kuwa ni kazi ngumu isiyopendeza kwenye tangazo, na hakuna mpinzani wa kuwalazimisha waifanye.

Tuitazame kwa karibu jinsi mambo yanavyokwenda kwenye matoleo ya karibuni. Umepigwa ngwala, uko chali, na mguu mmoja wa mpinzani umeubana kati ya miguu yako. Anataka kuuchomoa akukalie kifuani. Anasukuma analogi ya kulia upande mmoja; wewe unatakiwa ushikilie kitufe cha R2 na kusukuma analogi yako upande huohuo, mara moja, kabla hajamaliza kujigeuza. Ukipatia, anakwama, pumzi inampungua, nawe unapata nafasi ya kujigeuza au kuinuka. Ukikosea, yuko kifuani na ngumi zinaanza kushuka. Mchezaji mjanja hukudanganya: anaanza kama anakwenda kushoto, wewe unakimbilia kushoto, kisha anapita kulia. Ukikutana na mtu wa namna hiyo utaelewa kwa nini wapo wanaoipenda sehemu hii kuliko ngumi. Asilimia kubwa ya wanunuzi, hata hivyo, hawafiki huko. Wanaangushwa, hawajui kinachoendelea, wanabonyeza kila kitufe, na siku inayofuata wanamtafuta mpinzani atakayekubali kupigana wima.

EA wanalijua tatizo hili. UFC 4 ilileta msaada wa kuchagua kwa analogi moja tu: inuka, kaba, au mpige hukohuko chini. Anayeanza aliweza kuvumilia raundi nzima bila kuhangaika. UFC 5 ikaondoa kitu ambacho mimi nilifurahi kuona kimeondoka. Katika UFC 4, kila ukikaba, mistari miwili ilitokea kwenye skrini, mmoja ukiufukuza mwingine, na macho yako yaliacha miili ya wapiganaji na kufuata mistari hiyo. Katika UFC 5 kukaba kunakwenda hatua kwa hatua, kwa lugha ileile ya kusukuma analogi na kuzuia. Unamtazama mtu anayekunjwa mkono, si mchoro. Kwangu hilo ni badiliko kubwa kuliko damu yote iliyotangazwa, ingawa mikao yenyewe na mantiki ya kuotea pande haikusogea mbali na toleo lililotangulia.

Majeraha nayo yastahili sifa yake. EA walisema uso unaweza kuumia kwa namna 64,000, tarakimu ya kibiashara, lakini matokeo yake yanaonekana ndani ya pambano: jicho likifumba ulinzi unadhoofika, pua ikivunjika pumzi inapungua. Ndiyo sababu pia ikawa gemu ya kwanza katika mfululizo wa EA kupewa Marekani daraja la miaka 17 na kuendelea, jambo ambalo mzazi anayemnunulia mtoto anapaswa kulifahamu mapema.

Pengo linaonekana zaidi unapochagua mpiganaji. Ukimchukua Israel Adesanya, Mnigeria aliyekulia New Zealand, gemu inakupa karibu kila kitu alicho nacho: miguu mirefu, hatua za kando, teke linalotoka bila ishara. Mchukue Kamaru Usman, Mnigeria mwingine, aliyeutwaa mkanda mwaka 2019 kwa kumsukuma Tyron Woodley dhidi ya wavu unaozunguka ulingo raundi baada ya raundi. Usman wa kweli anakuegemea, anakuchosha, anakunyima nafasi ya kuvuta hewa. Usman wa kwenye gemu ana ngumi nzuri na alama za juu za mieleka. Uzito wake haufiki mkononi mwako. Khabib Nurmagomedov, aliyestaafu mwaka 2020 bila kushindwa katika mapambano 29, alikuwa akimnasa mtu miguu yote miwili chini ya wavu na kumpiga kwa mkono ulio huru. Hicho ndicho kilichomfanya Khabib, na ndicho kigumu zaidi kukipata kwenye padi.

Kwa hiyo toleo lijalo likitangazwa, nitaangalia wavu kwanza. Je, mtu aliyeegemezwa pale anaweza kuteleza, kushuka, kupanda tena kwa kutumia ukuta, au wavu ni pambo la nyuma? Nitaangalia pia kama kuna kipande cha pambano kisichokatwa, chenye mtu kuangushwa, kushikiliwa na kuinuka. Kama hakipo, ni heri kusubiri watu wengine wacheze kwanza.

Kusubiri kuna faida nyingine kwa mchezaji wa kwetu. UFC 5 ilitoka kwa PS5 na Xbox Series pekee, wakati vibanda vingi vya gemu bado vinategemea PS4, ambako UFC 4 ndiyo ya mwisho. Na anayetaka kucheza na watu kupitia intaneti akumbuke kwamba nafasi ya kuzuia mtu asikupite ni sehemu ya sekunde. Ngumi iliyochelewa kidogo unaweza kuivumilia. Mtandao ukisuasua ukiwa chini, mpinzani amekwishakukalia kabla padi yako haijajibu. Aliye na rafiki wa kukaa naye kochi moja, padi mbili, ataiona sehemu ya sakafuni ikiwa katika ubora wake, maana hapo kila jaribio la kumpita mwenzako linafika kwa wakati wake.