Baridi Yabisi: Viungo Havikupona, Maumivu Yakapungua

Mwaka 1993, Kate Lorig na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha matokeo yanayoshangaza hadi leo. Walikuwa wamewafuatilia kwa miaka minne watu wenye magonjwa sugu ya viungo, wakiwemo wa baridi yabisi, waliohudhuria mafunzo ya kujimudu. Ulemavu wao ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 9. Lakini maumivu yalikuwa yamepungua kwa wastani wa asilimia 20, na safari za kwa daktari kwa asilimia 40.

Baridi yabisi hailetwi na umande wala maji baridi, ingawa wengi tumekua tukiambiwa hivyo. Ni kinga ya mwili inayogeuka na kushambulia utando laini ndani ya maungio. Utando unavimba, gegedu inalika, kisha mfupa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 18 walikuwa na ugonjwa huu, takriban asilimia 70 wakiwa wanawake. Asubuhi vidole hukakamaa kwa saa nzima au zaidi: gauni halifungiki vifungo, nguo haikamuliki. Kesho kukawa na nafuu, keshokutwa kunyanyuka kitandani ni kazi. Kinachovunja moyo zaidi ni huku kutojua siku itaamkaje.

Lorig, muuguzi kwa taaluma, alianza mafunzo yake mwishoni mwa miaka ya 1970: saa mbili kwa wiki, kwa wiki sita, yakiendeshwa na watu wa kawaida ambao wengi wao walikuwa wagonjwa wenyewe. Walifundisha mazoezi, namna ya kulegeza misuli, na namna ya kuzungumza na daktari. Mtu angetegemea kwamba anayezidisha mazoezi ndiye atakayepata nafuu zaidi, lakini hesabu zilionyesha uhusiano dhaifu. Kilichokwenda sambamba na nafuu ni imani ya mtu kwamba maumivu yake anayaweza. Albert Bandura, mwanasaikolojia wa chuo hichohicho, alikuwa ameiandikia nadharia imani hiyo mwaka 1977. Mwaka 1989 timu ya Lorig ikaitengenezea kipimo, chenye maswali ya vitu vya kushikika: una uhakika kiasi gani kwamba unaweza kufunga na kufungua vifungo vitatu ndani ya sekunde 12? Au kuinuka upesi kwenye kiti kisicho na mikono bila kujiegemeza?

Imani hiyo inafanyaje kazi? Anayeogopa maumivu huacha kujongea. Misuli inayoshikilia goti inalegea, goti linabeba mzigo peke yake, na maumivu yanazidi. Hofu nayo hukatiza usingizi, na ubongo uliochoka na wenye wasiwasi huyasikia maumivu kwa ukali zaidi. Anayeamini kwamba anaweza huthubutu kutembea kidogo, akapumzika kabla hajazidiwa, akabeba sufuria kwa viganja viwili badala ya vidole.

Asidanganyike mtu: imani haizimi shambulio la kinga. Dawa kama methotreksati, inayomezwa mara moja tu kwa wiki, ndizo zinazozuia mifupa isiliwe, na kuchelewa kuzianza ni hasara isiyorudishika. Wala mgonjwa aliyekata tamaa hana kosa, kwa maana ugonjwa ukipamba moto, imani hiyo nayo hubomoka.

Haijengwi kwa kumwambia mtu ajikaze. Bandura alionyesha kwamba chanzo chake chenye nguvu kuliko vyote ni kufanya jambo ukalifaulu, na baada yake ni kumwona mwenye hali kama yako akilifaulu. Kwa hiyo katika mafunzo ya aina hii kila mshiriki hujipangia jambo la wiki: atatembea hadi dukani na kurudi, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kisha huulizwa, kuanzia sifuri hadi 10, ana uhakika kiasi gani kwamba atalitimiza. Akijibu chini ya saba hakemewi wala habembelezwi. Mpango ndio unaopunguzwa: badala ya dukani, hadi getini.